Cuvier, Msomaji wa Mifupa

Georges Cuvier alizaliwa mwaka 1769 mjini Montbéliard, ambao leo ni Ufaransa lakini siku hizo ulikuwa chini ya mtawala wa Württemberg, Ujerumani. Alisoma Stuttgart, akafundisha watoto wa bwana mmoja huko Normandy, na mwaka 1795 akaingia Paris, hana mali ila macho makali.

Katika kilima cha Montmartre, vibarua walikuwa wakichimba jasi ya kupakia kuta. Mawe yale yalitoka na mifupa na meno, kipande hapa kipande pale, ya wanyama mbalimbali waliochanganyika. Sisi tuliosoma chuoni twajua: herufi ikifutika ubaoni, zilizobaki humwonyesha mwanafunzi iliyopotea. Ndivyo alivyosoma Cuvier. Jino la kusagia majani lilimwambia kuwa mwenyewe alikuwa na kwato. Mwaka 1804 akamtangaza mnyama aliyemwita Paleotheriamu, yaani mnyama wa kale: mla majani, mwenye kwato tatu kila mguu, jamaa wa mbali wa farasi. Yeye na wenziwe leo huhesabiwa ukoo mzima, na ukoo huo ulikwisha zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita.

Hilo la kukwisha ndilo lililozua ubishi. Wengi walishikilia kuwa hakuna kiumbe kipoteacho kabisa, labda kimejificha katika bara lisilofikiwa. Cuvier alikwisha kuwajibu tangu 1796 kwa mifupa ya ndovu wa zamani: mnyama mkubwa hivyo atajificha wapi? Umbo la Paleotheriamu hakulipata lote, kwani kiunzi kilichofukuliwa Vitry-sur-Seine mwaka 1873 kilionyesha shingo ndefu kuliko alivyoichora. Lakini kumjua mnyama kwa vipande si kazi ndogo.

Sifa hizo nampa, wala sitazimaliza. Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, alipelekwa Ulaya akaonyeshwa watu kwa pesa. Alifia Paris mwishoni mwa 1815. Cuvier hakumzika. Alimpasua, mifupa yake akaiweka, ubongo na viungo vya siri akavitia chupani, na mwaka 1817 akamwandika kama aandikavyo wanyama.

Cuvier alikufa mwaka 1832, akazikwa Paris katika makaburi ya Père Lachaise. Sarah alikaa makumbushoni hadi mwaka 2002, aliporudishwa kwao akazikwa Hankey.