Mmisionari Aliyerudi Njiani

Soma Matendo 13:13, 15:36–39, 2 Timotheo 4:11.

Yohana Marko aliiacha safari huko Perge, akarudi Yerusalemu. Baadaye Paulo alimhitaji tena. Pande zetu za Ziwa Victoria nazo zina kisa cha mtu aliyerudi njiani.

James Hannington alizaliwa Uingereza mwaka 1847. Alikuwa mchungaji wa Kianglikana, mwenye mke na watoto, alipoongoza kundi la wamisionari kwenda Buganda mwaka 1882. Kutoka Saadani walipita Mpwapwa na Uyui, karibu na Tabora, hadi Msalala, nchi jirani na Kharumwa. Homa na kuhara damu vilimdhoofisha, ikabidi abebwe kwa machela. Alifika Ziwani, lakini Buganda hakuiona. Mwaka 1883 aliwaachia wenzake kazi, akarudishwa pwani, kisha kwao. Robert Ashe, mmoja wa aliowaongoza, alifika Buganda mwaka huo huo. Kazi ya Mungu haikusimama kwa sababu kiongozi ameanguka.

Hannington hakukubali kwamba kurudi kule ndio mwisho wa wito wake. Mwaka 1884 madaktari walimruhusu kusafiri tena, akawekwa wakfu kuwa askofu. Safari hii hakupita njia iliyomshinda. Mwaka 1885 alitoka Rabai, akapita Umasaini pamoja na William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani, ambaye yeye mwenyewe alimweka kuwa shemasi. Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, alimwacha Jones na wapagazi wengi, akatangulia na watu 50 hivi.

Njia mpya nayo ilikuwa na hatari yake. Huko Buganda wageni wanaoingia kutoka mashariki waliogopwa kuwa watainyakua nchi. Kwa amri ya Kabaka Mwanga, Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, pamoja na karibu wapagazi wote aliokuwa nao.

Kujifunza kutokana na kushindwa hakutuondolei uwezekano wa kukosea tena, na makosa ya kiongozi huwagusa wanaomfuata. Lakini aibu ya jana isitufungie mlango wa utumishi. Mungu aliyemrudisha Marko kazini bado anawaita waliorudi njiani.

Jadili: Je, kuna kazi ya Bwana uliyoiacha kwa sababu ulishindwa mara ya kwanza? Ungeirudia, ungebadilisha nini? Darasa lenu linampokeaje aliyeanguka anapotaka kuanza upya?