Carver: Aliyezaliwa utumwani akafufua udongo kwa kunde na mboji

GEORGE Washington Carver alizaliwa mtumwa katika jimbo la Missouri, Marekani, yapata mwaka 1864. Alipokuwa mtoto mchanga, wavamizi walimteka yeye na mamake, Mary. Mtoto alipatikana na kurejeshwa, lakini mama hakuonekana tena.

Alilelewa na Moses na Susan Carver, waliokuwa wamiliki wa mamake. Kiu ya elimu ilimfanya ahame mji hadi mji, akifua nguo za watu ili apate karo. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali, kisha kikamfukuza mlangoni kilipogundua kuwa ni mweusi.

Hakukata tamaa. Mwaka 1891 alijiunga na chuo cha kilimo cha Iowa, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya uzamili mwaka 1896. Mwaka huo huo, Booker T. Washington alimwalika kuongoza idara ya kilimo katika taasisi ya Tuskegee, Alabama.

Huko alikuta ardhi iliyochoka. Pamba ilikuwa imepandwa mwaka nenda mwaka rudi, ikanyonya rutuba yote. Wakulima weusi wengi walilima mashamba yasiyo yao, wakimlipa mwenye ardhi kwa sehemu ya mavuno. Mbolea ya dukani waliichukua kwa mkopo. Mavuno yalipokuwa haba, deni lilibaki palepale.

Carver aliliona tatizo hilo kwa jicho la maskini. Katika shamba la majaribio la chuo, aligeukia mbolea isiyonunuliwa: majani yaliyooza msituni, matope ya kinamasi, samadi ya mifugo na takataka za jikoni. Mchanganyiko huo, ukiachwa uoze vyema, hurudisha virutubisho mchangani na kuufanya udongo ushike maji.

Silaha yake ya pili ilikuwa mimea ya jamii ya mikunde. Mizizi ya kunde na njugu huwa na vinundu vinavyohifadhi bakteria ambao hunasa naitrojeni kutoka hewani na kuilisha mimea. Mabaki yake yakilimiwa ardhini, zao linalofuata hufaidika. Ndiyo maana mkulima wa kunde hahitaji kumwaga mbolea nyingi ya naitrojeni. Ikizidi, vinundu hupungua na mmea huacha kujitafutia.

Hata hivyo, kunde hazijitoshelezi kwa yote. Bila fosforasi, mizizi hudumaa, vinundu huwa vichache na maganda hukosa kujaa. Hapo ndipo samadi na mboji husaidia, na udongo ulio duni zaidi huhitaji kuongezewa mbolea ya fosfeti.

Maarifa hayo hakuyafungia darasani. Mwaka 1903 alichapisha kijitabu kuhusu kunde, na mwaka 1905 kingine kuhusu kurutubisha udongo uliochoka, kwa lugha ambayo mkulima wa kawaida angeielewa. Mwaka 1906, gari la kukokotwa na wanyama lilianza kupeleka mafunzo ya Tuskegee vijijini.

Mdudu mharibifu aliposhambulia pamba ya Alabama katika miaka ya 1910, ushauri wa kupanda njugu ulipata masikio. Kwa kuwa mavuno huhitaji soko, Carver alibuni njia nyingi za kuitumia njugu, na mwaka 1921 alizieleza mbele ya kamati ya bunge la Marekani.

Wengi humkumbuka kama mvumbuzi wa siagi ya njugu, jambo ambalo si kweli. Kazi yake kubwa ilikuwa udongo.

Carver hakuoa. Mwaka 1940 alitumia akiba yake kuanzisha wakfu wa utafiti. Alifariki Januari 5, 1943, akazikwa Tuskegee kando ya Booker T. Washington.

Kunde alizozitetea zina asili ya Afrika, nazo zilivuka bahari katika enzi ya biashara ya utumwa. Mikononi mwa mwana wa mtumwa, ziliwapa wakulima maskini rutuba isiyohitaji mkopo.