MAISHA YA BWANA ARTHUR HOLMES, ALIYEPIMA UMRI WA MAWE

Nyuma ya bweni letu, hapa katika milima ya Upare, kuna jabali kubwa ambalo sisi wanafunzi huanika nguo juu yake siku ya Jumamosi. Kwa miaka mitatu nililiona kuwa ni jiwe tu. Mwaka jana nilipata alama mbaya sana katika jaribio la Jiografia, nikamwambia mwalimu wetu kuwa nataka kuliacha somo hilo. Mwalimu hakunikemea. Alinipeleka penye jabali lile, akanionyesha mistari yake myeupe na myeusi, kisha akanipa kazi ya kusoma habari za mtu mmoja. Haya ndiyo niliyoyapata.

Arthur Holmes alizaliwa tarehe 14 Januari, 1890, kaskazini ya Uingereza. Alipokuwa mtoto aliona katika Biblia ya wazazi wake tarehe ya kuumbwa dunia iliyoandikwa pembeni: mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alishangaa jinsi mtu alivyoweza kuujua mwaka wenyewe hasa. Swali hilo halikumtoka moyoni maisha yake yote.

Alipokuwa mwanafunzi London alijifunza njia mpya ya kuhesabu. Yako mawe yenye madini ya urani, na urani hugeuka kuwa risasi pole pole, kwa mwendo usiobadilika. Basi ukipima risasi iliyomo na urani iliyobaki, waweza kujua ni muda gani umepita tangu jiwe lile lilipoganda kutoka katika magma, yaani mawe yaliyoyeyuka. Mwaka 1911, akiwa kijana wa miaka 21 tu, alionyesha kuwa jiwe moja la Norway lina miaka milioni 370. Wakati huo mtaalamu mkubwa, Lord Kelvin, alikuwa amefundisha kuwa dunia nzima haizidi miaka milioni 40!

Mwaka huo huo alisafiri kwenda Msumbiji kutafuta madini, maana hakuwa na fedha. Madini ya thamani hakuyapata. Alishikwa na malaria kali hata habari ikapelekwa kwao kwamba amekufa. Lakini alipona, akarudi. Baadaye alikwenda Burma, nchi iitwayo sasa Myanmar, kufanya kazi katika kampuni ya mafuta. Kampuni ilifilisika, na huko mwanawe mwenye umri wa miaka mitatu akafariki kwa ugonjwa wa kuhara damu. Alirudi kwao mikono mitupu. Mwaka 1924 alipata kazi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Durham.

Katika siku hizo wataalamu walikuwa wakibishana juu ya Mjerumani aitwaye Alfred Wegener, aliyesema tangu mwaka 1912 kuwa mabara yote yalikuwa kitu kimoja, kisha yakaachana. Wengi walimkataa. Waliuliza, ni nguvu gani iwezayo kusukuma bara zima? Wegener hakuwa na jibu la kuwatosha.

Holmes alilitafuta jibu katika urani ile ile. Urani inapogeuka hutoa joto. Joto hilo lazima litafute njia ya kutoka. Alisema kuwa mawe ya chini sana, ingawa ni magumu, huweza kwenda pole pole katika muda wa mamilioni ya miaka, mfano wa uji ulio jikoni: ulio moto hupanda, huenea kando, hupoa, kisha huzama tena. Mwendo huo ndio uchukuao mabara. Aliyaeleza hayo huko Glasgow mwishoni mwa miaka ya 1920, yakachapwa mwaka 1931. Yeye mwenyewe alionya kuwa hana ushahidi bado. Wachache tu walimsikiliza.

Leo twajua kuwa baadhi ya maelezo yake hayakuwa sawa, lakini asili yake ilikuwa kweli. Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba yanayotembea, na magma ya mabara hufuata mwendo wao. Bara linapovutwa na kupasuka, mawe ya moto ya chini hupanda, mgandamizo hupungua, nayo huyeyuka. Ndivyo zilivyozaliwa volkano za Bonde letu la Ufa. Bamba la bahari linapozama chini ya bara, maji yake huyafanya mawe ya juu yake yayeyuke, kama ilivyo katika milima ya Andes. Mabara mawili yanapogongana, ganda hunenepa, na ndani yake hutokea mawe ya itale. Kwa hiyo anayepima umri wa mawe hayo husoma safari za mabara ya zamani. Itale za katikati ya Tanzania zina zaidi ya miaka milioni 2,500, na wataalamu wanabishana hata leo kama mabamba yalikwisha anza kutembea kama sasa wakati huo.

Holmes hakuisahau Afrika. Mwaka 1951 alieleza juu ya mkanda mrefu wa mawe ya kale, aliouita kwa jina la Msumbiji, ambao hupita Tanzania na Kenya kuelekea kaskazini. Leo husemwa kuwa mabara yaligongana hapo, miaka milioni 600 hivi iliyopita. Milima ya Upare imo katika mkanda huo. Jabali letu la kuanikia nguo ni kipande chake! Na Kilimanjaro tunaouona asubuhi ni mtoto mchanga, hata miaka milioni 3 haujafikia.

Alipewa tuzo ya Vetlesen mwaka 1964, akafariki tarehe 20 Septemba, 1965. Miaka michache tu baadaye wataalamu wengi waliikubali habari ya mabamba.

Ndugu zangu wanafunzi, mtu huyu alisubiri zaidi ya miaka thelathini, wala hakuficha kuwa hana hakika. Mimi nilitaka kukata tamaa kwa jaribio moja. Jiografia sikuiacha, na muhula huu nimefaulu. Namshukuru mwalimu wangu.