John Boyes, Baharia Aliyejiita Mfalme wa Wakikuyu

Ukipita Ngomeni, Mombasa, leo utaona makumbusho na watalii. Zama za Waingereza ilikuwa jela, na miongoni mwa waliofungiwa mle alikuwamo Mwingereza mwenzao, John Boyes.

Boyes alizaliwa miaka ya 1870 huko Hull, bandari iliyokuwa ikituma merikebu kuwinda nyangumi. Katika miezi mirefu ya safari, mabaharia walichora merikebu zao kwa sindano juu ya meno ya nyangumi, wakapaka masizi ili mistari ionekane. Leo meno hayo ni tunu kwa wakusanyaji, na makumbusho ya Hull yanayo mengi. Alipozaliwa Boyes, uwindaji huo ulikuwa umekwisha. Akaanza kwa uvuvi wa samaki, akazunguka hadi Afrika Kusini, na mwaka 1898 akafika Mombasa. Jino alilolifuata yeye likawa la ndovu.

Alipanda bara, akavuka milima ya Nyandarua, akapokewa na Karuri wa Gakure upande wa Murang'a. Akanunua chakula na kuwauzia watu wa misafara. Kisha akala udugu wa damu na Wang'ombe wa Nyeri na mkuu wa Wandorobo, wawindaji waliokuwa na pembe. Akawafunza vijana bunduki, akapeperusha bendera ya Uingereza bila ya kutumwa na mtu. Wachuuzi watatu wa Kigoa walipouawa Chinga, aliongoza jeshi kulipiza kisasi, na wengi wakafa. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa Chinga hawakupona.

Serikali ilimkamata kwa unyang'anyi na kujifanya ofisa wake, ikamteremsha pwani. Mahakama ikamwachia huru. Akarudi kwenye pembe, akawinda ndovu hadi Lado, kando ya Nile. Mwaka 1911 alichapisha kitabu, na ufalme wake akauweka kwenye jina la kitabu chenyewe. Alifariki Nairobi mwaka 1951.

Baharia wa Hull alichora merikebu yake juu ya jino la nyangumi. Boyes alichora ufalme wake juu ya nchi ya watu. Basi ukioneshwa jino la kale na kusifiwa uzuri wake, uliza pia limetoka kwa nani, na nani alilibeba. Jina la Boyes tunalo hadi leo. La mpagazi wake nani analijua?