Nasiruddin Tusi na Fumbo la Mwongo

Ndugu zangu wanachuo, wengi wetu tukisikia jina la Nasiruddin Tusi tunakumbuka nyota na hesabu. Leo tumtazame kama mwanazuoni wa mantiki.

Alizaliwa mwaka 1201 mjini Tus, katika Iran ya leo. Alisoma Nishapur, kisha akaenda Mosul, Iraq, kwa Kamaluddin ibn Yunus. Mwanafunzi mwingine wa mwalimu huyo alikuwa Athiruddin Abhari. Baadaye Tusi aliishi miaka mingi katika ngome za Waismaili, huku Wamongolia wakizidi kusogea. Humo aliandika sharhi yake kubwa ya kitabu cha Ibn Sina, al-Isharat, na mwishoni akalalamikia taabu alizokuwa nazo.

Abhari naye alitunga kitabu cha mantiki, na Tusi akakipitia na kukikosoa. Kitabuni mlikuwa na fumbo gumu: mtu anasema kwamba kila anachosema saa hiyo ni uongo. Je, kasema kweli? Basi ni uongo. Kasema uongo? Basi kasema kweli! Abhari alijibu kwamba kauli hiyo ni uongo tu, na uongo wake hauifanyi kuwa kweli.

Tusi hakuridhika. Alieleza kwamba kauli huwa kweli inapoafikiana na jambo inalolieleza, na huwa uongo isipoafikiana nalo. Lazima pawe na vitu viwili. Kauli inayojieleza yenyewe haina cha pili cha kulinganishwa nacho, kwa hiyo haifai kuitwa kweli wala uongo. Hadi leo wanamantiki wanajadili kauli za namna hiyo.

Alamut ilipoanguka mwaka 1256, Tusi aliingia katika utumishi wa Hulagu, na alikuwa naye Baghdad ilipotekwa mwaka 1258. Wapo wanazuoni, akiwemo Ibn Taymiyya, waliomlaumu vikali. Mwaka uliofuata alianza kusimamia ujenzi wa kituo cha kutazama nyota huko Maragha, kilichokusanya wanazuoni na vitabu vingi. Alifariki Baghdad mwaka 1274.

Tumsifu au tumlaumu, somo lake la mantiki linatuhusu. Tunapobishana mabwenini hadi usiku wa manane, kila mmoja hudai ukweli uko kwake. Tujiulize kwanza: kauli yangu inaafikiana na jambo gani nje yake? Dai lisilo na shahidi ila lenyewe halijafika hata pa kuitwa kweli.

Wallahu a'lam.