Maisha ya Percy Sillitoe, Mkuu wa Polisi

Watu wa Shinyanga na Geita wanajua ya kuwa penye almasi na dhahabu wezi hawakosekani. Habari hii ni ya mtu aliyeshindana na wezi karibu maisha yake yote, hata mwisho akaitwa kulinda almasi za Afrika.

Percy Sillitoe alizaliwa London mwaka 1888. Utotoni aliimba katika kwaya ya kanisa kuu la St Paul's. Mwaka 1908 aliuacha mji wake akaja Afrika kuwa askari polisi, kwanza Rhodesia ya Kusini, kisha Rhodesia ya Kaskazini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifika Tanganyika, akatumika katika kazi za utawala.

Baada ya kurudi Uingereza, mwaka 1923 alipewa ukuu wa polisi katika mji mdogo wa Chesterfield. Mwaka 1926 akaenda Sheffield, ambako magenge ya kamari yalikuwa yakipigana na kuwatisha raia. Sillitoe alichagua askari hodari, wasiosita kutumia nguvu, akawatuma kuwakabili wahuni barabarani. Mji ukatulia. Mwaka 1931 akapewa Glasgow, ambako wahuni walipigana kwa nyembe. Huko alitia simu za upepo katika motakaa za polisi. Tena aliwavika askari kofia zenye utepe wa miraba myeusi na myeupe, ili raia wawatambue mara moja. Hata leo polisi wa nchi nyingi huuvaa.

Mwaka 1946 Waziri Mkuu Attlee alimweka kuwa mkuu wa MI5, idara ya kulinda siri za dola. Basi mtoto wa London akarudi kwao akiwa mtu mkubwa. Husemwa ya kuwa mcheza kwao hutunzwa, lakini yeye hakutunzwa. Wengi katika idara ile walitaka mkubwa atoke miongoni mwao, wakamdharau kwa kuwa ni polisi. Mwaka 1950 Klaus Fuchs alifungwa kwa kuwapa Warusi siri za bomu la atomiki. Mwaka 1951 Burgess na Maclean, watumishi wa wizara ya mambo ya nje, walitorokea Urusi. Lawama zikamwangukia Sillitoe. Lakini hakuikimbia kazi. Alikaa mpaka mwaka 1953.

Alipostaafu alifungua duka la peremende. Ndipo kampuni ya De Beers ilipomwita, mwaka 1954, awazuie wenye kuiba na kuvusha almasi za Afrika kwa siri. Kwa mzee yule, ilikuwa kurudi katika bara alikoanza uaskari.

Sillitoe alifariki mwaka 1962. Katika miji ya ugenini alipata sifa. Katika mji wa kwao alipata lawama. Kotekote alifanya kazi aliyopewa. Mtumishi mwema hangoji kusifiwa ndipo atimize wajibu wake.