Milton Humason: Mswaga nyumbu aliyepima mwendo wa galaksi

Kabla ya jina lake kuingia katika vitabu vya sayansi, Milton Humason alikuwa mchukuzi wa mizigo. Alizaliwa mwaka 1891 katika jimbo la Minnesota, Marekani, akaacha shule akiwa na umri wa miaka 14. Alipata kazi ya kuswaga nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi, waliopandisha mbao na vifaa vya ujenzi hadi kilele cha Mlima Wilson, California, ambako kituo kikubwa cha darubini kilikuwa kikijengwa.

Mwaka 1911 alimuoa binti wa mhandisi wa kituo hicho. Aliondoka mlimani kwa muda, akarudi mwaka 1917 kama mfanya usafi, kisha akawa msaidizi wa zamu za usiku. Mikono yake ilikuwa mitulivu na hakuwa mtu wa kuchoka haraka. Mkuu wa kituo, George Ellery Hale, alimwingiza miongoni mwa watafiti ingawa hakuwa na shahada yoyote, jambo ambalo si wote walilifurahia.

Edwin Hubble alitaka kujua kama galaksi zilizo mbali zaidi zinatukimbia kwa kasi zaidi. Jibu lilikuwa ndani ya mwanga wenyewe. Ukipasuliwa katika rangi zake, mwanga wa galaksi huonyesha mistari myeusi, na kadiri mistari hiyo ilivyosogea upande wa rangi nyekundu ndivyo kasi ilivyo kubwa. Kazi ya kuipata mistari hiyo ilimwangukia Humason.

Haikuwa kazi ya kubahatisha. Usiku wa darubini ya inchi 100 ulikuwa adimu, na watafiti waliougombea walikuwa wengi. Ilibidi kuchagua mapema galaksi ipi ianze, ipite juu angani saa ngapi, na ni siku zipi mwezi hautakuwepo, kwa sababu mwanga wa mwezi hufuta kila kitu hafifu. Pembeni ya bamba la picha ilipigwa pia taa ya kipimo, yenye mistari inayojulikana, ili pawe na cha kulinganisha. Aliyesahau hilo alishuka mlimani na picha nzuri isiyopimika. Mfanyabiashara aliyewahi kufika mpakani bila karatasi moja anaijua hasara ya namna hiyo.

Galaksi ya kwanza ya mbali waliyoichagua ilikuwa NGC 7619. Picha moja ilihitaji saa 33 za mwanga, nyingine saa 45. Alfajiri bamba lilifunikwa, usiku uliofuata likafunguliwa tena, na galaksi ikarudishwa palepale kwenye upenyo mwembamba wa kifaa. Humason aliketi kwenye baridi akiisahihisha darubini kwa mkono, kwani kuteleza kidogo tu kungeharibu kazi ya siku nyingi. Mwaka 1929 alitangaza kasi ya kilomita 3,779 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya yoyote iliyokuwa imepimwa.

Baadaye lenzi bora ilipunguza saa hizo. Kufikia 1936 alikuwa amefika kilomita 42,000 kwa sekunde. Kwa darubini ya inchi 200 ya Palomar alifika 61,000, yaani karibu sehemu moja ya tano ya kasi ya mwanga. Galaksi nyingine zilikuwa hafifu kiasi kwamba jicho halikuziona kabisa, hivyo umbali wake kutoka nyota jirani ulipimwa kwanza kwenye picha, ndipo darubini ikasogezwa kwa hesabu.

Hata hivyo si kila kitu kilimwendea vema. Mwaka 1919 alipiga picha za anga akitafuta sayari iliyo mbali kuliko Neptuni. Pluto ilikuwemo, lakini mahali pamoja ilipoangukia palikuwa na kasoro kwenye bamba. Mwingine aliigundua mwaka 1930.

Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, kilimtunuku udaktari wa heshima mwaka 1950. Mwaka 1956, yeye na wenzake wawili walichapisha orodha kubwa ya kasi za galaksi, 620 kati yake zikiwa zimepimwa Mount Wilson na Palomar. Alistaafu mwaka uliofuata, na mwaka 1961 akagundua kimondo chenye mkia kinachoitwa kwa jina lake. Alifariki California mwaka 1972.